Msije Mkaniita

Sogezeni viti, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia jambo mara mbili. Nyumba ni yenu wote wawili, hilo mnalijua, na sina wasiwasi nalo. Ninalotaka kuwaambia linahusu kazi yangu ya kuita wafu, ambayo naomba muizike pamoja nami.

Kazi hii niliikuta. Bibi yangu aliita wafu kwa beseni la maji, amejifunika shuka kichwani, na watu walitembea siku mbili kuja kumsikia. Mama yangu akachoka kuanika mkeka uliolowa maji ya beseni, akatumia kioo. Mimi nikaleta redio, nikaiweka kati ya stesheni na stesheni ikawa inakoroma, wateja wakasema huku ndiko kuendelea. Lakini ufundi ulikuwa uleule. Mteja haingii chumbani siku ya kwanza. Unamkalisha uani, unampa chai, unamwacha alie, na kabla chai haijapoa atakuwa ameshakuambia marehemu aliwaitaje watoto wake na alikasirikia nini. Halafu marehemu aseme maneno machache tu, maana bibi alikuwa akisema mfu anayepiga soga hakuna atakayemwamini.

Niliteleza mara moja. Nilimwita mume wa muuza mkaa, akazungumza vizuri mno, mama wa watu akanikazia macho: "Mbona mume wangu alikuwa na kigugumizi?" Nikamwambia huko kimepona. Akacheka mpaka akalia, na wiki iliyofuata akaniletea wenzake watatu.

Chekeni, hata mimi nilicheka. Sikuwahi kumsikia mfu hata mmoja, wanangu. Niliwasikia waliobaki, na karibu wote walikuja na mzigo mmoja: neno ambalo wangeweza kulisema mezani, lakini wakala, wakanawa, wakaenda kulala nalo.

Sasa nije kwako, kitindamimba wangu. Usiangalie mlango, nitazame mimi. Ulipoondoka kwenda kuolewa ulimwambia baba yako kwamba hata akifa hutakuja, na kabla mwezi haujaisha akaanguka kazini, nyundo mkononi. Ukaja umevimba macho, ukaniomba nimwite. Nikawasha redio, nikasema kwa sauti nzito, "Nimekusamehe, mwanangu," nawe ukanilalia miguuni, na tangu hapo kila Alhamisi ukawa unakuja kumsikia. Sauti ile ilikuwa yangu. Na ungetulia ungejua, kwa sababu baba yenu, fundi viatu wa watu, neno hilo hakujua kulitamka. Hasira zikimwisha alichukua viatu vya yule waliyekosana naye, akavipiga rangi, akaviweka mlangoni, basi.

Wiki ile uliyoondoka alivivuta viatu vyako vya shule kutoka chini ya kitanda, vimetoboka, vidogo hata huwezi kuvivaa tena, akavitia soli mpya, akavishona jioni tatu mfululizo. Nikamuuliza anamshonea nani. Akasema, "Mguu wake wa kushoto unalala upande, asipopata soli nene ataanguka." Vimo sandukuni mwangu, chini ya mashuka, nimevifunga kwenye gazeti. Miaka tisa nimevificha. Nilijua nikikupa viatu vile hutakuwa na haja ya redio, na usipokuwa na haja ya redio, kila Alhamisi utakuja kwa nani? Ulimfuata baba yako, mwanangu, nami nikapata kukuona kwa mgongo wake.

Mkubwa, redio hiyo ifungue uchukue vyuma vyake, usimpe mtu wa kazi hii. Mteja akibisha hodi mpeni chai, mwacheni aseme, kisha mwacheni aende. Mimi msije mkaniita. Mkisikia sauti yangu popote, mjue aliyenayo kaitoa kwenu wenyewe, uani. Mungu awape kukaa pamoja… awape maneno ya kutosha, na moyo wa kuyatoa mapema. Niinueni kidogo. Maji… basi, yatosha.

Kitindamimba. Nimekudanganya miaka tisa. Kama umekasirika, sema umekasirika… usinionee huruma. Kama kuna lingine, liseme hilo. Njoo upande huu, sikio lile limeshalala. Karibu zaidi. Haya… sema, mama yako anakusikia.