Abbasi bin Khamisi, Mwalimu wa Mipindo, Aaga Chumba cha Michoro

Baada ya miaka ishirini katika kazi ya reli, Mwalimu Abbasi bin Khamisi anastaafu leo, tarehe 31 Desemba 1913, hapa Dodoma. Anaondoka amechoka, wala hafichi. Tulipomwomba aseme neno katika sherehe hii, alikubali kwa sharti moja: aseme akiwa amekaa.

Alizaliwa milimani Kondoa. Ujanani alifuata msafara wa biashara hadi Tanga, akaajiriwa kuvuta mnyororo wa kupimia ardhi. Huko akasoma hesabu, akapanda hadi kuwa mchoraji. Baadaye akahamia reli ya kati; ilipofika Dodoma, naye alifika nayo, na vumbi la Ugogo halijamtoka kifuani hadi leo.

Wageni wetu wasioijua kazi hii waielewe hivi. Mhandisi hupima mwinuko wa ardhi, kisha huufupisha kwa kanuni moja. Mchoraji huigeuza kanuni ile kuwa mpindo kwenye karatasi. Mstari wa mlalo ndio usawa wa reli. Mpindo ukiwa juu ya mstari, ardhi huchimbwa. Ukiwa chini, hujazwa. Pale mpindo unapoukata mstari, kazi hubadilika.

Mwaka 1911, reli ikielekea magharibi, Abbasi alipewa kanuni x³ − 3x² + 4, x ikiwa umbali mbele au nyuma ya kigingi kikuu. Wiki nzima alikuwa akichora tangu alfajiri, macho yakimwuma. Aliona kwamba kwenye −1 na kwenye 2 jibu ni sifuri, akaweka nukta mbili. Kwenye mstari wa wima, x ikiwa sifuri, akaweka nukta kwenye 4. Kisha akaziunganisha: mpindo ukapanda kutoka chini, ukapita 4, ukashuka, ukaukata mstari kwenye 2 na kuzama. Hakupima zaidi.

Vigingi vikapigwa kwa mchoro ule. Watu wakabeba udongo vichwani juani, wakijaza upande wa pili wa ile 2. Msimamizi wao, Elieza, Mgogo mpole, aliuliza mbona wanajaza mahali ardhi inapopanda. Akaambiwa afuate vigingi. Kosa lilipoonekana, ni yeye aliyefungwa mikono ili achapwe viboko mbele ya watu wake.

Abbasi angeweza kunyamaza. Mchoro haukuwa na jina lake. Alitembea mpaka kambini, akasimama mbele ya mhandisi.

"Bwana, mfungue huyu. Mkono uliokosea ni wangu."

"Unajua maana ya maneno hayo?"

"Najua, Bwana. Ningeweka 3 katika kanuni, ningepata 4, juu ya mstari. Mpindo wa kweli unaugusa tu mstari pale kwenye 2, kisha unarudi juu. Sikupima. Nilikuwa nimechoka."

Elieza akafunguliwa. Abbasi akachapwa yeye, akaondolewa kwenye meza ya kuchora, akapewa kazi isiyotakiwa na mtu: kufundisha wachoraji wapya. Udongo ulizolewa upya kwa makapu, na baadhi ya waliouzoa hawakumsamehe. Elieza alikuja kumwona, akamletea asali.

"Kaka, mgongo wako umeniuma mimi," alisema.

Wachoraji wote wa chumba hiki tumepita mikononi mwa Mwalimu Abbasi. Alifundisha kwa sauti ya chini, bila papara: tafuta kwanza sifuri zako, tafuta mpindo unapoukata mstari wa wima, kisha jaribu namba kila upande wa sifuri, ujue mpindo uko juu au chini. Ndipo ushike kalamu. Aliyeikimbilia kalamu alitumwa kwanza akanawe uso, maana Mwalimu alidai kwamba uso wenye usingizi haujui kutoa wala kujumlisha. Tangu aanze kufundisha, hatujasikia tena watu wametumwa kujaza mlima.

Mwaka huu macho yamemshinda. Haoni tena mstari mwembamba wa kalamu ya risasi, na anapokagua michoro hutuomba tumsomee. Kesho yeye na mkewe, Bi Mwamvua, wanaanza safari ya Kondoa na punda wao, polepole, kwa kuwa magoti nayo yana malalamiko.

Mwalimu, ahsante kwa kutufundisha, na kwa kutotuficha jinsi ulivyojifunza. Tunakuombea mvua ya kutosha shambani, wajukuu wengi na usingizi mrefu. Nenda ukalale, mpaka jua lichoke kukungoja.