Kohl, Jina la Wauza Kabichi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu hapa Huruma, Mwalimu wetu Annah Mulama, wazazi mliofunga vibanda ili mje, wahitimu wenzangu wa darasa la Kijerumani: hamjambo? Na nyinyi mliosimama huko nyuma, niaje?

Naitwa Hayat Kohl. Wengi mnamjua baba yangu, Junaid, fundi wa mashine kule mtaa wa Baba Dogo. Baba yake alikuwa Mjerumani aliyerudi kwao kabla mwanawe hajajua kutembea, akamwachia jina hilo tu. Shuleni wenzangu walilicheka, nami nikirudi nyumbani nikilia, baba alinifuta machozi: "Nyamaza, mwanangu. Kohl maana yake shujaa." Ni nani kati yenu asingemwamini babake?

Mwaka jana, mwalimu alitutaka kila mmoja atafute neno moja la mmea, aje atusomee maana yake. Nikafungua kamusi. Kohl: kabichi! Mwalimu akatueleza kwamba zamani, Wajerumani walipoanza kuwa na majina ya ukoo, waliolima na kuuza kabichi waliitwa hivyo. Darasa zima liliangua kicheko. Nilitoka nje nikiapa kulibadilisha jina hilo kabla ya mtihani, na fomu nikaichukua.

Jioni nilimkabili baba. "Kwa nini ulinidanganya?"

Alinivutia kiti nikae. "Sikujua maana yake, Hayat. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nilitaka tu uwe na kitu cha kujivunia."

Mama yangu Zaitun, anayeuza mboga mtaa wa Umoja, alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani nimekusomesha kwa kabichi, halafu leo unaionea haya?"

Ndugu wageni waalikwa, fomu niliichana papo hapo. Nikarudi darasani, nikasoma, nikafeli mara moja, nikarudia. Leo cheti changu kimeandikwa Hayat Kohl, na mwezi ujao naanza masomo ya uuguzi Ujerumani.

Mwalimu Annah, umetufundisha kwa subira ambayo hatukustahili. Nina ombi moja la mwisho. Juzi baba alijaza fomu ya darasa la wanaoanza. Ana miaka hamsini na minane, na anasema maswali yake kuhusu babake anataka kuyauliza kwa kinywa chake mwenyewe. Mpokee. Na tafadhali mpe kiti cha mbele, macho yake yamechoka.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.