Mfiwa wa Wasio na Ndugu

Mimi ni shangazi wa marehemu, dada wa baba yake. Kuna watu wamenibembeleza tangu jana nisome kwa ufupi na nisigusie mambo ya ndani. Nawaomba wakae vizuri, maana nitasoma yote.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1993, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa kaka yangu na wifi yangu. Nilikuwapo. Mkunga alimpiga kikofi ili alie, naye akakunja uso akamtazama yule mama kana kwamba anamuuliza amemkosea nini. Kikofi cha pili ndipo akalia, na alilia kwa hasira. Nikamwambia wifi, "Huyu ni wa upande wetu, jiandae." Alibatizwa Desemba mwaka uleule, na mchungaji naye alipata teke lake.

Alianza shule ya msingi mwaka 2000. Darasani alikuwa wa katikati. Asije mtu baadaye akanisahihisha kwamba alikuwa akiongoza. Akiwa darasa la tano, mlinzi wa shule alifariki. Mwalimu mkuu alitangaza mstarini kwamba mlinzi hatunaye tena, kisha akapitiliza kwenye habari za usafi wa vyoo. Marehemu akanyoosha mkono, akauliza mlinzi alikuwa mtu wa namna gani. Akaambiwa anyamaze. Kengele ikalia, wenzake wakaingia madarasani, yeye akabaki uwanjani amesimama, anasubiri jibu. Wifi aliitwa shuleni kwa jambo hilo. Baada ya sekondari alisomea uuguzi akahitimu mwaka 2014, na miaka miwili baadaye akaacha kazi akaingia chuo cha Biblia. Baba yake hakupendezwa, ila alimsindikiza mpaka getini na kumbebea godoro.

Januari 2018 kamati ya misheni ya kanisa letu ilimtuma katika mji huu, ugenini, ahubiri hospitalini na kufungua kanisa jipya. Miezi ya kwanza alipita wodini na Biblia yake kama alivyotumwa. Asubuhi moja akakuta kitanda cha mgonjwa aliyekuwa akimwombea kimetandikwa upya. Akamfuata mpaka mochwari. Mzee anayehudumu pale, ambaye leo amekaa mstari wa mbele na kofia yake magotini, ndiye aliyemjibu.

"Yule keshazikwa, sista. Hakuwa na ndugu. Gari la manispaa huja kila Alhamisi kuwachukua."

"Nani alisema neno kaburini?"

"Neno gani tena? Tunafukia, tunarudi kazini."

Alhamisi iliyofuata alipanda gari hilo, na hakushuka kwa miaka sita.

Nieleze alivyofanya kazi, kwa sababu kule nyumbani yamesemwa mengi. Akishapewa taarifa na mzee wa mochwari kwamba kuna mtu hajapata ndugu, marehemu aliosha maiti kwa mikono yake, akaivika, kisha akatoka kwenda kuuliza. Aliuliza kwa kinyozi, kwa mama muuza chai, kwa mwenye nyumba, kwa wauguzi wa zamu. Alhamisi alisimama kaburini akasoma wasifu wa mtu yule, kama mnavyonisikiliza mimi sasa. Wasifu wa kwanza aliupamba. Alisema yule mtu alipendwa na watu wote, na kinyozi aliyekuja kuzika akapaza sauti, "Nani? Huyu? Huyu alikuwa anatupiga!" Tangu siku hiyo alijiwekea sharti: husemi usichokijua, hata kama unachokijua ni kimoja tu. Kuna mtu alizikwa kwa maneno kwamba kila asubuhi alikunja blanketi lake, ingawa alilala kibarazani pa duka la watu. Kuna mwingine wasifu wake ulisema alikuwa mbishi wa mpira na timu yake haikuwahi kushinda. Waliokuwepo walicheka, halafu wakalia.

Watu wa hapa wakampa jina. Kwa kuwa kwenye kila maziko ya asiye na ndugu yeye ndiye aliyepewa pole, walimwita Mfiwa.

Kamati haikupenda. Walitaka kujua ameokoa wangapi, akawajibu kwamba watu wake hawawezi kunyoosha mkono. Mwaka 2021 waliacha kumtaja katika maombi ya Jumapili, kana kwamba amekwisha kuritadi. Mimi nilikohoa, nikamtaja mwenyewe kwa sauti, na nikaendelea kumtaja kila Jumapili mpaka mzee wa kanisa akazoea kuninyamazia. Kama mwenyekiti wa kamati yupo hapa, naye ajue kwamba nilikusudia.

Sasa inafuata aya ya ndoa. Marehemu hakuolewa. Msinipe pole. Alikuja mchumba mmoja, mwinjilisti, kijana mzuri mwenye suti, akamwambia atamwoa akiacha kushika maiti. Marehemu akamjibu aanze yeye kuacha kuhubiri saa tatu mfululizo, watu wana watoto nyumbani. Uchumba ukaishia hapo.

Oktoba 2022 kaka yangu alitutuma mimi na wifi tuje tumrudishe binti. Maneno yake yalikuwa, "Msirudi bila yeye." Tulimkuta akiishi katika chumba kimoja juu ya karakana ya kuchomea vyuma. Kulikuwa na kitanda, jiko, viti viwili na beseni la nguo, na nyundo zilipigwa chini ya sakafu kutwa nzima. Alitupa kitanda, yeye akalala kwenye mkeka. Wifi alianza kabla hata chai haijapoa.

"Mwanangu, rudi nyumbani. Nimechoka kuulizwa unafanya nini huku."

"Unawajibu nini, mama?"

"Nasema uko hospitalini. Wanadhani unaumwa."

"Kesho ni Alhamisi, nina maziko. Twendeni wote, tukirudi tutagombana vizuri."

Tukaenda. Aliyezikwa alikuwa msichana mdogo aliyeletwa hospitalini hajitambui. Muuguzi mmoja tu ndiye aliyemsikia akiongea, siku alipozinduka kidogo akaomba asukwe nywele kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji. Marehemu ndiye aliyemsuka, kule mochwari. Kaburini tulikuwa mzee wa mochwari, dereva, muuguzi, wachimbaji wawili na sisi. Marehemu alisoma wasifu ule mfupi, akaomba, akafunga Biblia. Wachimbaji wakashika koleo.

"Ngojeni kwanza," wifi akasema. "Mbona hakuna anayelia? Huyu mtoto ana mama mahali fulani, na hajui."

Akalia yeye. Alilia kwa sauti, amepiga magoti kwenye udongo na gauni lake la safari, kama mtu aliyebeba mimba ile. Mimi nikamfuata, nani angeniweza? Katikati ya kilio alimgeukia mchimbaji akamfokea, "Polepole na huo udongo! Unadhani unamwaga zege?" Kijana wa watu akaanza kuuteremsha kidogo kidogo kwa koleo, na anafanya hivyo mpaka leo.

Ule ugomvi tulioahidiwa haukufanyika. Jioni wifi alimpigia mumewe simu akamwambia, "Mtoto nimemwona. Ana kazi. Ukimtaka, njoo umchukue mwenyewe." Kaka alikata simu. Tulirudi bila yeye, na tangu siku hiyo kaka hakuzungumza na binti yake tena. Marehemu alimpigia kila Jumapili baada ya ibada. Simu iliita mpaka ikakatika. Jambo hili lilimuuma kuliko ugonjwa wowote, na aliniambia hivyo yeye mwenyewe.

Machi mwaka huu wa 2024 alianza kuvimba miguu, na ikagundulika kwamba figo zake zimeshindwa kazi. Kuna waliosema ni adhabu ya kushikashika wafu. Daktari wake, ambaye yuko hapa, alisema ni shinikizo la damu lililokaa muda mrefu bila kutibiwa, na mimi naongeza kwamba maiti hajawahi kumwambukiza mtu mdomo mchafu, wengine mmezaliwa nao. Wifi alikuja kumuuguza Mei. Marehemu aliendelea kwenda kwenye maziko akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na mama yake, na alipokosa pumzi mama alimalizia kusoma. Alituomba azikwe katika safu ileile ya watu wake. Alifariki Jumatano, tarehe 14 Agosti 2024, saa tisa alasiri, mama yake amemshika mkono. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa niache kumsumbua muuguzi.

Ukoo ulikaa kikao. Ikaamuliwa mwili urudishwe, uzikwe nyumbani pamoja na babu zake. Wifi aliwasikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimemzaa mimi, nimemuuguza mimi, nimemwosha mimi jana usiku. Atazikwa alipoomba." Akampa mzee wa mochwari ile simu aizime. Kwa hiyo mnaoona makaburi haya ya manispaa, yenye namba za chuma, mkadhani familia imeshindwa kumsafirisha, nawaambia hatukushindwa. Tumegoma.

Marehemu ameacha mama, kaka mmoja, wadogo wawili na shangazi huyu. Ameacha mzee wa mochwari, kinyozi, mama wa chai, na ninyi wote mliojaa hapa mpaka mnakanyaga maua ya watu, wakati kamati ilitwambia hakupata hata mshirika mmoja.

Ameacha na baba. Kaka yangu alisema hana binti wa kuzikwa kwenye kaburi la namba, na akaagiza asitajwe kwenye ratiba. Nimemtaja. Binti anaye, ndiye huyu kwenye jeneza, na mtu hafutwi ubaba kwa kukasirika. Upande wa kichwani, pale kushoto, tumeacha nafasi ya mtu mmoja. Naomba mtu yeyote asisimame hapo, hata kama tunabanana, na hata kama tutamaliza kuzika nafasi ikiwa bado wazi.

Binti yetu apumzike kwa amani. Baba yake asipumzike mpaka aje.