Kidoti Kimekaa Nje

Kijiwe chetu ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, mkabala na jengo la vioo ambalo mama yangu anaamini nimeajiriwa humo. Hapa naitwa Digrii, na si kwa heshima. Maombi ya kazi nimetuma hamsini. Jibu nimepata moja, limeandikwa na kompyuta: do not reply. Siku mama aliponiombea mpaka akalia, nikamwambia nimepata kazi. Wiki ya tatu sasa naondoka na shati alilolipiga pasi, nakaa hapa mpaka saa kumi. Juzi dada kamnunulia simu mpya, akaziunganisha simu za familia nzima, eti tuonane kwenye ramani. Leo saa nne mama kaandika: “Mwanangu, kidoti chako mbona kimekaa nje ya ofisi tangu asubuhi?” Nikawasomea wenzangu: Kinyozi, na Mzee Chaji, anayechaji simu za watu kibanda cha pili.

— Zima location, akasema Kinyozi.

— Nikizima, simu yake inamwambia nimezima.

— Basi sema uko mapokezi.

— Tangu asubuhi? Mimi mgeni au sofa?

Mzee Chaji akavuta funda la kahawa kwa kelele, dalili kwamba elimu inakuja.

— Setilaiti hiyo. Inakuona kwa sababu ya shati jeupe. Vua.

— Mzee, please!

— Usinipliizi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Inahusiana nini?

— Wewe ndiye usiyehusiana. Una digrii, mlango wa pale huujui.

Hilo liliniingia. Kinyozi akadakia haraka:

— Ifunge simu kwa karatasi ya sigara, ile inayong'aa. Mteja wangu alifunga, mkewe akamwona yuko katikati ya bahari.

— Mama ataita waokoaji!

— Mwambie ni semina.

— Acheni utoto, akasema Mzee Chaji. Mlinzi wa jengo ni mteja wangu. Simu aingie nayo mfukoni. Yenyewe ikae ofisini, wewe ukae hapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Yaani simu yangu iajiriwe kabla yangu?

— Angalau mmoja wenu!

Wakacheka mpaka benchi likatikisika. Aibu ni kwamba mimi nilikuwa nimeshaitoa simu mfukoni, namtafuta mlinzi kwa macho.

— Umefika unakokwenda, ikasema sauti pembeni yetu.

Ilikuwa simu ya mama. Kaishika mbele yake kama mtu aliyebeba yai. Mkono wa pili hotipoti. Akatazama kioo cha simu, akatazama benchi, akatazama jengo.

— Shikamoo, mama, Kinyozi akanong'ona.

— Marahaba.

Mzee Chaji akasogea kumpa nafasi. Hakukaa.

— Umesahau chakula, baba.

Nikapokea kwa mikono miwili. Akaninyooshea kola, pale ilipokunjwa na ukuta.

— Sasa kesho, akauliza taratibu, shati nipige pasi?

Kinyozi akamtazama Mzee Chaji. Mzee Chaji, mwenye methali ya kila kitu, akawa anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa zamani.