Wanne kwa Mapana

Benchi letu liko kati ya karakana ya seremala na banda la fundi baiskeli. Nauza kahawa hapo tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Asubuhi ile nilikuwa na jambo. Watoto wanne wa shangazi walikuwa njiani kuja kuishi kwetu, na mama alishasema: wakitosha kitandani kwangu, watakaa wote, wasipotosha, wawili wataenda kwa mjomba. Mimi sikutaka watenganishwe. Nikamimina kahawa, nikawauliza wenye benchi.

— Kitanda futi ngapi? aliuliza seremala, tunayemwita Futi.

— Nne kwa sita.

— Wakifuata urefu wanaingia watatu. Wa nne atakuwa wa kuning'inia kama koti.

— Shuleni tulifundishwa kukunja karatasi *crosswise*, nikasema. Unakata upana, hufuati urefu. Je, wakilala hivyo?

Kamusi, karani mstaafu, aliweka kikombe chini.

— Mwanangu, kuna na *widthwise*, kuna na *breadthways*. Waingereza wenyewe wana maneno matatu ya kulala kimapana!

— Basi walibanana sana hao, alisema Spana, fundi baiskeli.

— Walibanana mpaka kila mmoja akatunga lake!

— Mimi ningewapanga kama spoku za gurudumu. Miguu katikati, vichwa nje.

— Mmoja akijigeuza je? nikauliza.

— Wanazunguka wote! Asubuhi utawakuta sokoni.

Futi hakucheka. Alichora kitanda chini kwa chaki, kwa vipimo kamili, akamlaza Spana kwa mapana. Miguu ikatokeza nje.

— Wewe twiga, tuondokee! Kamusi, lala wewe.

— Na shati hili la pasi?

— Lala, mzee, watoto wanakuja!

Kamusi alikuwa bado amelala pale mama alipotokea na wale wanne, mabegi kichwani. Futi akamwinua, akawalaza watoto mmoja mmoja ndani ya chaki. Wakaenea, vichwa ndani, miguu ndani.

— Haya, wanakaa wote, alisema mama.

Tukashangilia hadi wapita njia wakasimama. Kitinda mimba, wa miaka minne, akainua kichwa.

— Na wewe, dada, utalala wapi?

Futi akatazama chaki yake. Kamusi akajipangusa vumbi kwa bidii.

Mtoto akajisogeza, akapigapiga ardhi kwa kiganja.

— Njoo hapa. Mimi nitalala juu yako.