Dada Aliyekataa Kumuua Jasusi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome maisha ya dada yangu, ingawa angekuwepo angeshayakata maneno yangu nusu kabla sijasimama.

Dada alizaliwa tarehe 14 Mei 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli alikofanya kazi baba, akaanza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza sekondari mwaka 1976, na Januari iliyofuata akaajiriwa na kiwanda cha uchapaji, kusahihisha prufu, yaani kurasa za majaribio za vitabu, zikiwemo hadithi za yule jasusi ambazo nusu yenu mlizisoma chini ya dawati.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa binti mmoja, mwenye macho ya baba na ubishi wa mama.

Mwaka 1994 mwandishi wa hadithi hizo alifariki akiacha kitabu cha sita katikati, mjane wake akamwomba dada akimalizie, kwa sharti moja tu, kwamba jasusi asife, kwa kuwa msiba mmoja ulimtosha. Dada aliahidi, akakimaliza, akaandika na vingine saba. Jasusi aliruka madirisha, ila dada mwenyewe aliogopa hata kupanda kiti kubadilisha balbu, hivyo majaribio yote ya mbinu za jasusi yalimwangukia shemeji, ambaye siku moja alifungiwa kabatini ili ijulikane kama mtu mzima anaenea, akapiga kelele hadi majirani wakaja kuamua ugomvi.

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na mwaka huohuo mchapishaji akataka jasusi auawe katika kitabu cha mwisho, maana kifo kinauza, dada akakataa katakata, nasi tuliomwona akipungua tukahofu ataondoka kabla hajamwokoa jasusi wake. Alikimaliza wodini, akamsomea mjane yule kwa sauti, wote wawili wakalia, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, akatutoka, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani, na majirani, hasa wale waliokuja mbio siku ya kabati, mtuwie radhi kwa kuchelewa kuwaeleza, hapakuwa na ugomvi katika nyumba ile.

Katika ukurasa wa mwisho jasusi anaingia dukani kwa fundi cherehani, anapimwa suti, na fundi anapomuuliza anaihitaji lini, anajibu kwamba hana haraka, hana safari tena. Shemeji hakuwahi kutokea katika vitabu vyote vilivyotangulia, na tangu ausome ukurasa huo hajauachia.

Dada, tunakupenda, ahadi umeitimiza, pumzika kwa amani, nawe huna safari tena.