Jina Lililokosekana Katika Daftari la Mama Elinipa

Mama Elinipa Nnko anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Daraja Mbili kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja akiwa mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliifunika kitambaa isishike vumbi; yeye alitafuta bisibisi, akaifungua aone kilichomo ndani. Anaondoka akiwa mkuu wa maabara ya kompyuta.

Tutazikosa ndizi alizotuletea kutoka kwake Akeri, na tutaukosa ukali wake. Ukimwambia kompyuta imekufa, anakuuliza mazishi ni lini. Chai haikuvuka mlango wa maabara, hata ikiwa ya mkuu wa chuo. Na kila aliyegusa mashine aliandika kwenye daftari lake jeusi: amefanya nini, saa ngapi, na jina lake.

Kila mashine kati ya zetu ishirini ina mifumo miwili ya kuiendesha: Windows kwa shughuli za kawaida, Linux kwa mitihani. Ni yeye aliyetengeneza menyu inayotokea unapowasha, akaiandika kwa Kiswahili: "Kazi za kila siku" na "Mtihani". Unachagua, unaendelea. Wageni waliisifu sana bila kujua jasho lililomtoka.

Sasa niseme la Novemba 2022, ingawa silipendi. Virusi viliingia, na fundi mmoja akaweka Windows upya kwenye mashine zote, bila kumwuliza Mama na bila kuandika kwenye daftari. Windows ikiingia haipigi hodi. Ilijifanya mlango pekee wa kuingilia, menyu ikatoweka.

Kesho yake ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho. Saa moja na nusu asubuhi, kila mashine iliyowashwa ilikwenda Windows moja kwa moja. Mtihani ulikuwa upande wa Linux, pamoja na kazi za vitendo za muhula mzima. Msimamizi kutoka nje alishasema: saa tatu kamili, la sivyo warudie mwakani. Wanafunzi ishirini walikaa kwenye ngazi wakisubiri. Mmoja wao, Namnyaki wa Kisongo, alikuwa ameshapata kazi, anasubiri cheti tu.

Fundi yule aliamini Linux imefutika. Kwa hofu akaanza kuiweka upya, kuanzia mashine ya Namnyaki. Angebonyeza mara moja zaidi, kazi za binti wa watu zingepotea kweli. Mama Elinipa akamshika mkono.

"Toa kidole, mwanangu. Haijafutwa, imefichwa."

Alichomoa flashi kwenye funguo zake, akaiwasha mashine kwa flashi hiyo, akaifuata Linux kwenye diski na kuirudisha menyu. Dakika nne. Kisha akampa fundi yuleyule flashi, akavuta kiti na kukaa nyuma yake. Zilibaki mashine kumi na tisa. Kwenye ya tisa fundi alikosea amri moja, ikabidi aanze tena. Saa tatu kasoro dakika mbili, menyu ikatokea kwenye mashine ya ishirini. Wanafunzi wakaingia.

Mkuu wa chuo alitaka kujua nani alisababisha yote yale. Mama alimjibu kwamba daftari litasema, aliyekosea akiwa tayari kujiandika. Namnyaki alifaulu, fundi akabaki kazini, na habari ikaishia hapo.

Jumatatu Mama alinikabidhi daftari. Nimelipekua lote. Kila mstari una jina, isipokuwa mmoja wa Novemba 2022: kosa ameliandika kwa mkono wake, nafasi ya jina ameiacha tupu. Miaka miwili na nusu hakuijaza, wala hakunikumbusha hata siku moja. Nimeona haya sana.

Jana niliijaza: Solomoni Lengai. Mkuu wa chuo, fundi yule ni mimi.

Ahsante, Mama. Mungu akupe afya na miaka mingi kwenye kahawa na migomba yako. Karibu maabara wakati wowote, ila chai utaiacha mlangoni.